Dawa na Maelezo Yake: Watoa Dawa wa Usambara

Kutoka mjini Lushoto hadi Irente ni mwendo wa kilomita chache, na mwisho wake nchi inakatika. Chini ya majabali, karibu mita elfu moja, iko Mazinde na mashamba yake ya mkonge, ipo njia ya reli ya Tanga, kisha nyika inayonyooka hadi Umasaini. Wageni hupanda kutazama mandhari. Kwa Wasambaa wa zamani ukingo ule ulikuwa mpaka wa homa. Juu kulikuwa na baridi, migomba na maji. Chini kulikuwa na masoko, misafara na ugonjwa. Mtu alishuka kwa shughuli yake na akajitahidi asilale huko.

Sababu waliijua. Mjerumani Robert Koch, bingwa wa vijidudu aliyekuwa Afrika Mashariki mwaka 1897 na 1898, aliwasikia watu wa Usambara wakieleza kwamba homa wanayorudi nayo kutoka bondeni inaletwa na mbu, na ugonjwa wenyewe wakauita kwa jina la mdudu huyo. Ronald Ross alikuwa ndiyo kwanza ameviona vimelea vya malaria ndani ya mbu, huko India, Agosti 1897. Ross akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wasambaa waliingia katika ripoti ya Koch kwa sentensi chache.

Kisa hicho kinapingana na namna tulivyozoea kuisimulia historia ya tiba: kwamba dawa ilikuja na meli, elimu ikaja nayo, na wenyeji wakangoja kupokea. Ninavyoisoma mimi, shida ya milima hii haikuwa ukosefu wa dawa peke yake. Mara nyingi dawa ilifika, ila maelezo yake yakabaki njiani: nani apewe, kiasi gani, kwa siku ngapi, na nani asiiguse kabisa. Anayebeba maelezo hayo ndiye aliye karibu na mgonjwa kuliko mtu yeyote wa tiba, na ndiye anayeandikwa kidogo kuliko wote.

Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichochapwa na misheni ya Magila, Mbegha anaingia Usambara kama mwindaji kutoka Ngulu, mwenye mbwa, nyama na uganga. Ufalme wa Wakilindi, wazao wake, wenye makao Vuga, ulisimama juu ya sifa hiyo. Mfalme wa Kilindi alitarajiwa kuiponya nchi kwa mvua. Akikosana na nchi, njaa ilikuwa dalili ya ugonjwa wa dola nzima. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alikumbukwa kwa miaka ya neema, na waliomfuata wakakumbukwa kwa vita na njaa.

Chini ya wafalme walikuwepo waganga wa kila siku. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeanza kuishi na Wasambaa miaka ya 1960, ameonyesha kwamba tiba ilikuwa jambo la ukoo. Ndugu waliketi wakaamua aitwe nani, dawa gani ijaribiwe, na lini waachane na mganga huyu wamtafute mwingine. Mganga aliuliza habari za nyumba kabla ya kuchimba mizizi. Sisemi kila mzizi ulifaa. Ipo iliyoua, na yapo maelezo yaliyomtia jirani asiye na kosa katika tuhuma za uchawi. Lakini dawa haikutoka mkononi mwa mtu bila maneno, na mgonjwa hakubaki nayo peke yake.

Wamisionari wa Bethel, Walutheri kutoka Ujerumani, walifika Mlalo mwaka 1891, wakafungua Vuga mwaka 1895 na Bumbuli mwaka 1899. Kule Lutindi palijengwa mwaka 1896 nyumba ya watoto waliookolewa utumwani. Kuanzia mwaka 1904 ikawa mahali pa wagonjwa wa akili, na kazi hiyo inaendelea hadi leo. Serikali ya Kijerumani nayo ilikuwa imeweka boma Lushoto, mji iliouita Wilhelmstal. Reli ikafika Mombo mwaka 1905, na sasa sanduku la dawa kutoka Tanga liliweza kufika chini ya mlima kwa siku moja.

Katika Usambara ya Mashariki, mwaka 1902, Wajerumani walianzisha taasisi ya kilimo na biolojia ya Amani. Kati ya miti waliyopanda ulikuwemo mkwinini, ambao gome lake hutoa kwinini. Dawa ya homa iliyokuwa ikiletwa kutoka ng'ambo sasa iliota kwenye mteremko uleule ambao watu wake walikuwa wamemtaja mbu kama adui. Hata hivyo haikupandwa kwa ajili yao. Ilikusudiwa askari, walowezi na watumishi wa serikali.

Koch alirudi mwaka 1906, akakaa Amani kwa muda kabla ya kwenda visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria kupambana na malale. Huko aliwapa wagonjwa atoxyl, dawa yenye aseniki. Dozi ilipoongezwa, zaidi ya wagonjwa ishirini wakapofuka, na macho yao hayakurudi. Huyu alikuwa mshindi wa Nobel wa mwaka 1905, mtu makini kuliko wengi wa wakati wake. Tofauti kati ya dozi inayoponya na inayopofusha haikujulikana, na walioitafuta waliitafuta katika miili ya Waafrika waliolazwa kambini.

Vita vya 1914 vilipoifungia koloni njia ya bahari, gome la Amani likawa tegemeo la jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck. Mwanzoni lilitengenezwa vidonge. Jeshi lilipopoteza reli ya kaskazini mwaka 1916 na kurudi kusini, gome likachemshwa tu na maji yake machungu yakanywewa hivyohivyo. Wanajeshi wakayapachika jina la Lettow-Schnaps. Ladha yake ilichukiwa, lakini yaliwasaidia kuendelea kupigana. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikufa kwa maelfu mengi kwa homa, kuhara na njaa, wengi bila kuonja kwinini kwa sura yoyote.

Waingereza, walioichukua nchi baada ya vita, walikuta daktari mmoja mmoja aliyetawanyika katika nchi kubwa. Miaka ya 1920 wakaanzisha zahanati ndogo chini ya serikali za wenyeji, na ndani yake wakamweka dresa. Huyu alikuwa kijana aliyesoma kidogo, akafunzwa kwa muda mfupi kufunga vidonda, kutoa kwinini, aspirini na chumvi ya haluli, na kumwandikia daktari aliye mbali taarifa ya mwezi. Vitabu vya historia humpitia kwa aya moja. Naamini alistahili sura nzima. Ndiye wa kwanza kuziweka dawa za kiwandani katika lugha ya kijijini: asubuhi na jioni, baada ya kula, usimpe mtoto mchanga. Akikosea hakuwa na wa kumwuliza, na akipatia, sifa ilikwenda kwa Bwana Mganga Mkuu aliyepita mara chache kukagua.

Wakati huohuo sindano ilijijengea jina. Buba, ugonjwa wa vidonda uliokuwa umeenea vijijini, ulikauka haraka mno kwa sindano za bismuthi na za aseniki, na watu wakatembea mwendo mrefu kuzifuata. Imani kwamba mtu hajatibiwa mpaka achomwe sindano ilianzia hapo, na haikuwa ujinga. Watu waliona kwa macho yao. Wahudumu wa baadaye walirithi imani hiyo na wengine wakaifanyia biashara.

Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi. Kusudio lilikuwa kukomesha hofu na mauaji, ila mganga wa mitishamba naye akajikuta kwenye kivuli. Kazi yake iliendelea, tena kwa wateja walewale waliokwenda kwa dresa. Kilichopungua ni nafasi ya wawili hao kuulizana hadharani. Mgonjwa aliyetoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine alijifunza kunyamaza, na ukimya huo bado upo. Muulize nesi yeyote ni wagonjwa wangapi hukiri wamekunywa nini kabla ya kufika kwake.

Baada ya Vita vya Pili utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki ulihamia Amani. Katika miaka ya 1950 watafiti walikwenda Mkuzi, Muheza, chini ya milima, wakawapa wanakijiji dozi ya mwezi ya pirimethamini, dawa mpya iliyosifiwa sana. Ilifanya kazi vizuri mwanzoni. Baada ya miezi michache vimelea vikawa sugu, na usugu ukasambaa hadi vijiji ambavyo havikupewa kidonge hata kimoja. Miaka karibu hamsini baadaye, Agosti 2001, Tanzania ilipoacha klorokwini, iliyokuwa ikishindwa kuponya, ilihamia SP, na hiyo P ni pirimethamini ileile. Mwisho wa 2006 SP nayo ikaondolewa katika tiba ya kawaida na dawa mseto ikashika nafasi yake. Ushahidi mzito dhidi ya SP ulitoka Muheza.

Tulipopata uhuru mwaka 1961, madaktari Watanganyika walihesabika kumi na wawili. Mwaka 1962 mfamasia Mansoor Daya alifungua Dar es Salaam kiwanda cha kwanza cha dawa nchini. Mafunzo ya shahada ya famasia yakaanza Muhimbili mwaka 1974, na mwaka huohuo kikaanzishwa huko kitengo cha utafiti wa tiba asili. Baada ya Azimio la Arusha zahanati zilijengwa vijijini kwa kasi ambayo wakoloni hawakuwahi kuifikiria, na mwaka 1973 redio ikaibeba kampeni ya Mtu ni Afya hadi kwenye vikundi vya kusoma.

Kisha mwaka 1977 tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida ikapigwa marufuku. Hospitali za dini zilibaki, na kwa milima ya Usambara hilo lilikuwa la maana, kwa sababu Bumbuli na Lutindi zilikuwa mikononi mwa kanisa. Mwaka uliofuata Sheria ya Dawa na Sumu iliyagawa maduka makundi mawili. Famasi, yenye mfamasia, iliweza kuuza dawa za cheti. Duka la dawa baridi liliruhusiwa kuuza dawa za maumivu, minyoo, kikohozi na nyingine zisizohitaji cheti. Wafamasia walikaa Dar es Salaam, Arusha na miji mingine mikubwa. Milimani lilibaki duka la dawa baridi.

Miaka ya 1980 nchi iliishiwa fedha za kigeni, na dawa za zahanati zikawa zinafika katika makasha yaliyofungwa, kwa msaada wa Denmark. Kasha lilikuwa na vitu vilevile kila mahali: kijiji chenye malaria ya mwaka mzima kilipata klorokwini sawa na kijiji chenye baridi ya Shume. Mwezi ulipofika katikati kasha lilikuwa limeisha, na mhudumu akawa na neno moja la kumwambia mgonjwa: kanunue. Kanunue wapi? Kwenye duka la dawa baridi, ambalo kwa sheria halikupaswa kuwa na antibayotiki, na ambalo kila mtu alijua linazo, chini ya kaunta. Vidonge vya rangi mbili viliuzwa kwa idadi ya shilingi zilizomo mfukoni, viwili au vitatu kwa mkupuo.

Ni katika mazingira hayo tauni iliizukia Lushoto mwaka 1980. Iliendelea kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini katika vijiji vya Mlalo, Mtae, Shume na kwingineko, ikawapata watu zaidi ya 7,000 na kuua mamia. Tauni inatibika kwa streptomisini au tetrasaiklini, zisizo za bei kubwa, ilimradi zianze mapema. Ikichelewa siku chache huua. Hapa mtu wa kwanza kuonwa na mgonjwa alikuwa na uzito kuliko mkurugenzi yeyote wa wizara. Mganga au muuza dawa aliyetambua uvimbe wa mtoki wenye homa kali na kumsukuma mgonjwa hospitali siku hiyohiyo aliokoa maisha. Aliyempa aspirini na kumwambia akapumzike aliyahatarisha, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Kuna upande mwingine wa habari hii, na Irente ina sababu ya kuukumbuka. Shule ya watoto wasioona ilifunguliwa hapo mwaka 1963, na Kanisa la Kilutheri ndilo linaloiendesha. Uchunguzi wa macho uliofanywa Tanzania miaka ya 1980 ulionyesha kwamba watoto wengi waliopoteza uwezo wa kuona walikuwa na makovu kwenye kioo cha jicho. Surua na upungufu wa vitamini A vilikuwa chanzo kikubwa, na katika baadhi yao dawa za kienyeji zilizotiwa machoni ziliongeza madhara. Mengi ya hayo yalizuilika kwa chanjo na kidonge cha vitamini, na kwa mtu mmoja wa karibu wa kusema: jicho hilo usilitie kitu, mpeleke leo.

Marufuku ya tiba binafsi iliondolewa mwaka 1991, wagonjwa wa hospitali za serikali wakaanza kuchangia gharama mwaka 1993, na Bohari ya Dawa ikaundwa kuchukua kazi ya ghala kuu la zamani. Maduka ya dawa yakaongezeka kama uyoga baada ya mvua. Nyuma ya kaunta mara nyingi alisimama nesi msaidizi, au ndugu wa mwenye duka asiye na mafunzo yoyote. Wateja walimwita dokta. Cheo hicho cha heshima kilimfunga: dokta hasemi sijui, na dokta hamrudishi mteja mikono mitupu.

Mwaka 2003, mwaka ambao Mamlaka ya Chakula na Dawa ilianza kazi, mpango mpya ulijaribiwa Ruvuma kwa msaada wa shirika la Kimarekani MSH. Badala ya kuyafunga maduka ya dawa baridi, serikali iliyapandisha daraja yawe Maduka ya Dawa Muhimu, yaani DLDM. Mwenye duka akafunzwa biashara na sheria. Mtoa dawa akafunzwa kwa wiki kadhaa dalili za hatari, dozi, rufaa na utunzaji wa kumbukumbu. Kama malipo ya kukubali kukaguliwa, duka likaruhusiwa kuuza orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwemo antibayotiki chache na dawa ya malaria. Kilichokuwa chini ya kaunta kikapandishwa rafuni. Naona ni moja ya sera za afya zenye busara zaidi tulizowahi kubuni, kwa kuwa ilianza na watu walipo badala ya pale kitabu kinapowataka wawe.

Matokeo ya Ruvuma yanafundisha kwa namna ambayo pengine walioyapima hawakuikusudia. Dawa zisizosajiliwa zilishuka kutoka asilimia 26 hadi 2. Huo ni ushindi mkubwa. Lakini waliotibiwa malaria kwa kufuata mwongozo walipanda kutoka asilimia 6 hadi 24 tu. Kusafisha rafu kulikuwa rahisi. Kubadili mazungumzo ya kaunta kulikuwa kugumu mara nyingi zaidi. Na mazungumzo yana pande mbili. Mama aliye na shilingi mia tano na mtoto mwenye homa hatakubali kuambiwa nenda hospitali ukapime kwanza, wakati nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inazidi bei ya dawa.

Mpango ulienea mikoa mingine, Tanga ikiwemo, hadi maduka kuwa maelfu. Kati ya 2010 na 2012 ruzuku ya kimataifa iliteremsha bei ya mseto wenye nembo ya jani la kijani, na dawa iliyokuwa ya wenye nacho ikauzwa kwenye maduka ya vijijini. Ilisaidia. Ilifanya pia kila homa iitwe malaria, milimani ambako homa nyingi hazikuwa malaria hata kidogo. Kipimo cha haraka cha tone la damu kilipokuja, mtoa dawa alijikuta akimwambia mteja kwamba hana malaria na kwa hiyo hamuuzii kitu. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni sentensi ngumu kuitamka.

Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 iliyaweka maduka haya chini ya Baraza la Famasi. Ufamasia wa jamii, unaozungumzwa Ulaya kwa habari za chanjo madukani na mapitio ya dawa za wazee, kwetu unabebwa hasa na watu wasio wafamasia. Wengi ni wanawake, mshahara wao ni mdogo, na huhama duka mara tu wapatapo kazi bora, wakiondoka na mafunzo waliyopewa. Mkaguzi wa wilaya anapanda barabara za Lushoto zinazoteleza msimu wa masika, na anapofika, habari za ujio wake zimemtangulia.

Jirani na duka la dawa katika miji midogo ya milima hii huwa pana duka la pembejeo. Mkulima wa kabichi na nyanya hutoka huku na kuingia kule, na pande zote mbili anaomba dawa. Sumu ya kunyunyizia wadudu haina mtoa dawa aliyefunzwa kama yule wa DLDM, ingawa kichwa na kizunguzungu vinavyompeleka mkulima kununua vidonge jioni pengine vilianzia kwenye bomba alilobeba mgongoni mchana. Mtoa dawa makini huuliza: leo umepuliza shambani? Swali hilo sijaliona katika fomu yoyote.

Ugonjwa nao umebadilika. Presha na kisukari vimepanda mlima, na kule Lutindi mgonjwa akitulia akarudi kwao, anahitaji dawa zake kila mwezi, pengine maisha yote. Dawa nyingi za namna hiyo haziuzwi katika DLDM, kwa kuwa orodha yake ilitungwa kwa ajili ya homa, kuhara na kifua. Mtu wa kijiji cha pembeni hulazimika kwenda hospitali kufuata vidonge ambavyo daktari alishaviandika mwaka jana na hatavibadili. Akikosa nauli anaruka mwezi. Anapopata kiharusi, au sauti zinapomrudia kichwani, jamaa husema dawa za hospitali hazikumfaa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mabishano juu yake yamekuwa ya michango na vifurushi. Mimi ningependa yabishaniwe pia ya dirishani na ya kaunta. Mtoa dawa aliyefunzwa apewe mashine ya kupimia presha na ruhusa ya kumjazia mgonjwa dawa zilizokwisha kuandikwa na daktari, chini ya mfamasia wa wilaya anayepatikana kwa simu. Alipwe kwa maelezo anayotoa, hata pale ambapo hakuuza kidonge, maana leo anayemwambia mteja ukweli kwamba hahitaji dawa hufunga siku na droo nyepesi kuliko mwenzake wa ng'ambo ya barabara.